Michezo ya Kiingereza madarasani isingoje Ijumaa alasiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni juu ya jambo ambalo sisi walimu wa madarasa ya chini hulizungumza sana tukiwa wenyewe, lakini ni mara chache tunalifikisha kwa wazazi na kwa wakaguzi wa shule. Jambo hilo ni matumizi ya michezo katika kuwafundisha watoto wadogo Kiingereza. Katika shule nyingi ninazozifahamu hapa Busia, Uganda, na katika wilaya jirani, mchezo huwekwa mwishoni mwa kipindi, au husubiri Ijumaa alasiri kazi zote zikiwa zimekwisha, mithili ya peremende wanayopewa watoto kwa kuwa wamekaa kimya wiki nzima. Mimi naona mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane anayejifunza lugha asiyoisikia nyumbani kwao, mchezo uliochaguliwa kwa makini ndio somo lenyewe, na kazi ya kunakili kutoka ubaoni ndiyo inayopaswa kungoja.

Tukumbuke kwanza mtoto huyu anatarajiwa kufanya nini. Mtaala wa mada, ulioanza kutumika mwaka 2007, unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya kwao, huku Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Darasa la nne ni mwaka wa kuvuka, na baada ya hapo mafundisho yote ni kwa Kiingereza, hadi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ambao karatasi zake nne, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, hujibiwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo mtoto ana miaka mitatu tu ya kukizoea Kiingereza kabla hajatakiwa kukitumia kuelewa namna mmea unavyojitengenezea chakula. Mimi si miongoni mwa wanaotaka mtaala huo ufutwe, kwa sababu mtoto aliyekwisha kujua kusoma kwa lugha yake haanzi upya anapoikuta lugha ya pili. Ila miaka mitatu ni michache, vipindi vyenyewe ni vya nusu saa, na namna tunavyovitumia ndiyo inayoamua kama mtoto atavuka au atazama.

Hapa mpakani mwa Uganda na Kenya hali ina utata wake. Katika darasa moja utamkuta mtoto wa nyumba ya Kisamia, wa Kiteso na wa Kiganda, na wote watatu wakitoka nje wanachezea Kiswahili cha sokoni, kile cha wasukuma mikokoteni na wabadilishaji fedha. Shule za watu binafsi hukwepa swali la lugha ipi itumike kwa kuanza Kiingereza tangu chekechea, na wazazi wengi hufurahia hivyo. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa wazazi na watu binafsi, kwa hiyo chekechea nyingi hushindana kuonyesha ni nani anayetoa watoto wanaozungumza Kiingereza mapema zaidi. Mtoto wa miaka minne hupewa daftari, kazi ya nyumbani na mtihani wa mwisho wa muhula, kisha hupelekwa kwenye usaili wa kuingia darasa la kwanza.

Na Kiingereza hicho hufundishwaje? Mara nyingi kwa kuitikia. Mwalimu husema sentensi, watoto themanini huirudia kwa sauti moja inayofika hadi barabarani, na mpita njia huamini kwamba kazi inafanyika. Mgeni akiingia, darasa zima husimama na kumkaribisha kwa salamu ndefu iliyokaririwa, tena kwa lahani ileile utakayoisikia kuanzia Busia hadi Kasese. Lakini mgeni huyohuyo akimsogelea mtoto mmoja na kumuuliza kwa Kiingereza shati lake lina rangi gani, mtoto atamtazama, atatazama chini, na huenda akajibu kwamba yeye ni mzima, ahsante. Hapo sioni kosa la mtoto. Alifundishwa sauti, hakufundishwa kwamba sauti hizo hubeba jambo ambalo mwenzake halijui na anataka kulijua. Tathmini za Uwezo, mpango unaopima jinsi watoto wanavyojua kusoma na kuhesabu, zimekuwa zikitueleza mara kwa mara kwamba watoto wengi walio madarasa ya juu bado hawawezi kusoma na kuelewa hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili, na sidhani tunaweza kuishughulikia hali hiyo katika darasa la sita.

Mchezo huleta kile ambacho kuitikia hakuleti, yaani haja ya kusema. Chukua mchezo mwepesi wa mfuko. Mwalimu anatia kitu ndani ya mfuko wa kitambaa, tuseme kijiko, limau, kifutio au kandambili ya mtoto, kisha watoto wanauliza kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakitambue kilichomo. Ni kitu cha kula? Ni kigumu? Kinapatikana jikoni? Kila swali ni swali la kweli kwa kuwa anayeuliza hajui jibu, na wengine hutega masikio kwa kuwa jibu litawasaidia kukisia. Mfumo wa swali ni uleule na hurudiwa mara ishirini au thelathini bila mtu kuchoka, ambapo mwalimu angeuandika ubaoni na kuutaka urudiwe mara tano tu, nusu ya darasa ingekuwa inasinzia. Baadaye mwalimu humkabidhi mtoto mfuko ajibu yeye, na hapo ndipo utamwona mtoto ambaye hajawahi kunyoosha mkono akifungua kinywa, kwa sababu safari hii ndiye mwenye siri.

Kuna watoto ambao hawasemi kabisa kwa miezi kadhaa, na hao wasilazimishwe. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, tangu miaka ya 1960 alieleza jambo ambalo kila mama analijua: mtoto mchanga hutii maneno kwa mwili wake muda mrefu kabla hajayatamka. Unamwambia lete kikombe, naye analeta, ilhali bado hawezi kusema kikombe. Njia aliyoijenga juu ya ukweli huo ni ya kutoa amri kwa lugha mpya na wanafunzi kuzitekeleza kwa vitendo, na inafaa sana darasani kwetu kwa kuwa haihitaji hata kipande cha chaki. Simama, geuka, shika sikio la kushoto, nenda mlangoni ukatembee kama bata. Mwalimu akiongeza sharti kwamba amri itekelezwe tu pale anapotanguliza neno la heshima, watoto watasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza hadithi yoyote. Mtoto mkimya atashiriki tangu siku ya kwanza, na mwalimu atajua kwa kumtazama tu kama ameelewa, bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Michezo tuliyokua nayo ina nafasi kubwa hapa, na inashangaza jinsi tunavyoiacha nje ya geti ili tununue mabango ya dukani yenye picha za theluji. Sonko, ule mchezo wa kurukia miraba iliyochorwa chini, hugeuka somo la kusoma mara tu unapoandika neno katika kila mraba, mtoto asiruke mpaka alisome. Kwepena, ambao wasichana wetu huucheza kwa mpira wa nyuzi za migomba au wa mifuko ya plastiki, una kuhesabu ndani yake, na hakuna kinachozuia hesabu hiyo kufanywa kwa Kiingereza. Ule mchezo wa nyama nyama, ambao kiongozi hutaja wanyama na watoto huitikia kwa wanaoliwa tu, unafaa kwa majina ya wanyama na hata kwa sentensi nzima za kweli na uongo: mbuzi ana miguu minne, watoto wanaruka, samaki anapanda mti, wanatulia, na aliyeruka anachekwa kidogo na kuendelea kucheza.

Matamshi nayo, ambayo ni kero ya walimu wengi, hayafundishwi kwa kumrekebisha mtoto kila anapofungua mdomo. Mtoto wa Kiganda hatenganishi sauti za l na r jinsi Kiingereza kinavyozitenganisha, kwa kuwa katika lugha yake r hutokea baada ya e na i, na l kwingineko. Zote mbili kwake ni sauti moja inayobadilika kwa kufuata jirani. Vilevile sisi tunaotumia lugha za Kibantu zenye irabu tano tunasikia "ship" na "sheep" kama neno moja. Sikio ndilo linalopaswa kufundishwa kwanza. Chora mistari miwili kwenye udongo, mmoja wa meli na mmoja wa kondoo, tamka neno moja, na watoto wakimbilie mstari wanaoona ni wake. Mwanzoni watagawanyika ovyo na kugongana. Baada ya wiki chache makundi huanza kukimbilia upande mmoja, na hapo ulimi huanza kufuata.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa duka, na naomba niruhusiwe kukaa hapo kidogo. Shule nyingi tayari zina kona ya duka darasani, yaani meza yenye pakiti tupu za sabuni, chumvi, majani ya chai na unga, lakini mara nyingi kona hiyo huwa pambo la kuwaonyesha wakaguzi, tena kuna mahali watoto hukatazwa kuigusa. Ifunguliwe. Vifuniko vya soda viwe sarafu, vipande vya maboksi viwe noti, na watoto wagawanywe kuwa wenye duka na wanunuzi. Watoto wa Busia hawahitaji kufundishwa kuuza na kununua; wamekulia chini ya meza za mama zao sokoni, wanajua kupunguziwa bei, wanajua kukataa nyanya iliyooza, na baadhi wanajua kubadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Uganda kuliko mwalimu wao. Wanachokosa ni maneno ya Kiingereza tu. Mwalimu huwapa maneno machache: bei gani, ni ghali mno, nipunguzie, chenji yangu iko wapi, kisha anakaa kando. Siku hiyo hesabu ya kutoa na kujumlisha imefundishwa, adabu ya kuomba na kushukuru imefundishwa, na Kiingereza kimesemwa na watu wawiliwawili meza nzima, si na darasa zima kwa pamoja. Ugomvi wa chenji utatokea, na mwalimu asiukimbilie kuuzima ikiwa unaendeshwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo si kila kinachoitwa mchezo kinafundisha. Kuna nyimbo za viungo vya mwili ambazo watoto huziimba kwa kasi kubwa huku mikono yao ikimfuata mwalimu tu. Ukisimamisha wimbo na kusema goti, wanashika bega. Kipimo changu ni chepesi: katika nusu saa hiyo, kila mtoto amesema kwa kinywa chake, au ametenda kwa kuelewa, mara ngapi? Mchezo ambao mtoto mmoja hucheza na sabini na tisa wanatazama umeshindwa kipimo hicho, hata kama wote walicheka.

Kwa sababu hiyo nina shaka kubwa na kanuni ya kumtoa anayekosea, ambayo imo katika michezo mingi tunayoitumia. Hebu tufikirie anayetoka ni nani. Ni yule ambaye hakuelewa neno, yaani ndiye hasa aliyehitaji kubaki na kulisikia tena. Baada ya dakika tano wanaoendelea kufanya mazoezi ni wale watatu au wanne wenye televisheni na kaka wa sekondari nyumbani, na waliobaki wamekaa ukutani wakirushiana mawe. Kanuni hubadilishwa kirahisi. Aliyekosea apewe zamu ya kutoa amri inayofuata, au ahamie timu ya pili, au pointi zihesabiwe za darasa zima dhidi ya rekodi yao ya jana. Na timu zisiwe za wavulana dhidi ya wasichana kila siku, maana hapo ushindani huhama kutoka kwenye Kiingereza na kuwa wa mambo mengine.

Najua nitajibiwa kwamba haya yanawezekana katika darasa la watoto ishirini tu. Tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, madarasa ya shule za serikali yamefurika, na mwalimu mwenye watoto tisini hana anasa ya mfuko mmoja unaozungushwa. Ni kweli, lakini asizungushe mfuko mmoja. Achore sonko kumi uwanjani. Afundishe mchezo kwa kundi moja mbele ya wengine, kisha viongozi wa makundi waende kuuendesha, naye apite akisikiliza. Maelezo ya kanuni yatolewe kwa Kisamia, Kiganda au Kiswahili, kwa lugha yoyote ambayo watoto wataielewa upesi, ili Kiingereza kitumike katika kucheza kwenyewe. Nimeona vipindi vikiliwa robo tatu na mwalimu akieleza kwa Kiingereza kanuni za mchezo wa dakika tano. Kuhusu kelele, mabanda yetu mengi hayana dari na ukuta hauzuii kitu, kwa hiyo mwalimu wa jirani ana haki ya kulalamika. Dawa iliyotusaidia ni ndogo: tulipanga ratiba ili madarasa mawili yanayopakana yawe na Kiingereza kwa wakati mmoja. Wakipiga kelele, wanapiga wote.

Nikiwa kwenye suala la lugha, nitaje adhabu ambayo bado ipo katika baadhi ya shule, ya kumvika shingoni kibao au mfupa mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imepiga marufuku viboko shuleni, lakini adhabu hii ya aibu hupita pembeni kwa kuwa haiachi alama mwilini. Matokeo yake kwa Kiingereza ni mabaya kuliko wanavyofikiri wanaoitumia. Mtoto aliyevikwa kibao haanzi kusema Kiingereza, anaanza kunyamaza. Ukimkuta mtoto wa darasa la tatu anayenong'ona uwanjani wakati wa mapumziko, uliza kama shule hiyo ina kibao.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto akirudi nyumbani na daftari lisilojaa, msikimbilie kwa mwalimu mkuu. Daftari lililojaa mwandiko mzuri huenda ni ushahidi wa kunakili tu. Mwambieni mtoto acheze nanyi mchezo wa leo, hata kama ninyi hamjui Kiingereza, kwa kuwa mtoto anayemfundisha mama yake majina ya vyombo vya jikoni amepata mazoezi ambayo hakuna shule inayoweza kumpa.

Kwa wakaguzi wa wilaya na walimu wakuu nina ombi mahususi zaidi. Mnapoingia darasani huangalia azimio la kazi, andalio la somo, na madaftari yaliyosahihishwa. Ongezeni jambo moja: chagueni watoto watano, mzungumze na kila mmoja kwa Kiingereza chepesi kwa dakika moja, nje ya darasa, bila mwalimu kusimama nyuma yao. Mwalimu anayejua kwamba hilo litaulizwa atafundisha kwa namna nyingine kuanzia muhula ujao, wala halihitaji bajeti. Na kwa kuwa Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka hata mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada, wanaoandaa mafunzo hayo wahakikishe kwamba mwanachuo hamalizi bila kuendesha michezo hii mbele ya watoto halisi na kukosolewa. Kuisoma katika makaratasi hakumwandai mtu kwa watoto tisini wanaotaka kurusha mpira kwa wakati mmoja.

Mwisho, Mhariri, ninalo pendekezo kwa gazeti lako pia. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, na walimu watakaopewa kazi hiyo katika madarasa ya chini watahitaji michezo ileile tunayoihitaji sisi wa Kiingereza, kwani watoto ni walewale na uwanja ni uleule. Je, hamwezi kutenga kona ndogo kila wiki ambamo mwalimu mmoja ataeleza mchezo mmoja anaoutumia, unachezwaje, kwa watoto wangapi, na unafundisha nini? Ningependa sana kujua walimu wa Arua, ambako Kilugbara na Kiswahili hukutana kila siku, wanachezesha nini, na wenzetu wa Karamoja wanafanyaje na watoto waliozoea kuchunga mifugo na si kukaa kwenye dawati. Mkikubali, niko tayari kutuma maelezo kamili ya mchezo wa duka, pamoja na orodha ya maneno ya kuanzia na namna ya kugawa sarafu za vifuniko ili duka lisifilisike katika dakika kumi za kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa madarasa ya chini,
Busia, Uganda